Mafuta ya nazi ya njia ya Kaole: nusu lita elfu kumi, maombi hayamo kwenye bei

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoiulizia kwanza. Nusu lita sh 10,000, robo lita sh 5,500. Ukija na chupa yako, imeoshwa na imekauka, anakupunguzia mia tano. Mafuta ni maangavu, ukiyainua juani unaona upande wa pili, yananukia nazi iliyokunwa asubuhi, hayana marashi wala rangi. Anayeyapika ni mama mmoja wa njia ya Kaole, ukishauacha mji wa Bagamoyo nyuma kidogo. Hana bango. Wateja tunamwita Mama Mafuta, na ukimtajia bodaboda jina hilo anakufikisha mlangoni.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti viwili Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa tatu nayatumia, lita tatu mpaka nne kwa mwezi. Kwenye nywele za asili yanaingia, hayakai juu yakikusanya vumbi. Mtoto mwenye magamba kichwani mpake jioni, mfunge kitambaa, asubuhi yanatoka na kitana bila kumuumiza. Nywele zenye dawa nazipaka kidogo sana, kwa sababu zikilowa mafuta zinalala na mteja anarudi kulalamika. Nyumbani, usiku ambao sina nazi, kijiko kimoja kwenye wali kinatosha. Kukaangia samaki sishauri, ni ghali mno kwa kazi hiyo.

Nilifika kwa mama huyu kwa sababu ya mwanangu wa pili, na nisipolieleza hilo hamtaelewa kwa nini naandika kirefu hivi juu ya chupa ya mafuta.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Tangu anyonye alikuwa na ile wanayoiita pumu ya ngozi: kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa ngumu kama gome, na usiku alijikuna mpaka shuka likawa na damu. Nilikuwa nimechoka. Mtu ninayemwamini akanipeleka kwa mtumishi mmoja, simtaji na sitasema ni wa wapi. Nje ya mahali pa ibada palikuwa na meza ya chupa. Chupa ndogo, ukubwa wa ile ya dawa ya macho, sh 50,000. Kubwa kidogo, sh 150,000. Nikaambiwa nimpake mtoto siku saba, asubuhi na jioni, na nisichanganye na dawa ya hospitali, kwa kuwa kuchanganya ni kuonyesha mashaka. Nikalipa. Ile ilikuwa hela ya kodi ya fremu ya saluni.

Siku ya pili ngozi ikawa nyekundu. Siku ya nne ikaanza kutoa maji. Siku ya sita mtoto akashikwa na homa, na usiku ule ndipo nilipoifungua ile chupa nikainusa kwa akili zangu zote: mafuta ya kupikia, yaliyotiwa marashi makali. Mimi, mtu ninayefanya kazi ya mafuta na nywele kila siku, nilikuwa sijanusa. Nilikuwa nimekatazwa kuwa na mashaka, nikaogopa hata kunusa.

Hospitalini daktari hakunigombeza. Alimwandikia mtoto sindano na dawa ya kupaka, akaniambia kwamba kwa ngozi ya namna hii manukato ni adui, nitafute mafuta matupu yasiyo na kitu ndani, ya nazi yanafaa yakiwa safi, nimpake akitoka kuoga kabla maji hayajakauka mwilini, na dawa nisiiache. Kwenye foleni ya dirisha la dawa mama mmoja aliyevaa buibui, aliyekuwa amekaa nyuma yangu na kusikia yote, akaniambia, "Dada, nenda njia ya Kaole. Mimi wajukuu wangu wote wamekulia kwenye mafuta ya yule mama."

Nikaenda kesho yake, mtoto mgongoni. Swali langu la kwanza, baada ya shikamoo, lilikuwa hili: "Mama, haya yameombewa?"

"Yamechujwa," akanijibu. Akanitazama, akamtazama mtoto, nadhani akaelewa nimetoka wapi. Akasema, "Mwanangu, mafuta nauza. Maombi siuzi. Ukitaka tumwombee mtoto, tutamwombea sasa hivi, ila rudisha hiyo hela ndani ya pochi kwanza na uifunge, usije ukaondoka ukidhani umelipia."

Nikaifunga pochi. Akamwekea mtoto mkono kichwani, akaomba, maneno machache, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. Kisha akanawa mikono, akanipimia nusu lita, akapokea elfu kumi yake. Yeye ni Mpentekoste, mimi ni Mkatoliki, na tangu siku ile sijawahi kuona ibada iliyotengwa vizuri zaidi na biashara, ilhali vyote vimefanyika juu ya meza moja.

Sitaki mtu asome hapa akadhani mafuta yalimponya mwanangu. Dawa ya hospitali ndiyo iliyozima kile kidonda, na mpaka leo zipo wiki tunairudia. Mafuta yanailinda ngozi isikauke. Ana miaka sita sasa, na ukipitisha kiganja nyuma ya goti lake huhisi kitu.

Nimekaa jikoni kwake zaidi ya mara moja, na mara moja nililala huko huko ili nione kazi yote. Kuna kifuo cha chuma kimesimikwa ardhini uani, hapo ndipo nazi zinapofuliwa, makumbi yanarundikwa kando kwa ajili ya moto. Kina mama watatu wanakaa kwenye mbuzi, mmoja anavunja, na maji ya nazi yanakusanywa kwenye sufuria la watoto wa jirani. Wanakuna mpaka karibu na adhuhuri. Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya uvuguvugu, inakamuliwa kwenye kifumbu, inakamuliwa tena, na tui lote linawekwa kwenye ndoo zilizofunikwa kwa kanga mpaka alfajiri. Ukifunua asubuhi, zito limepanda juu, jeupe, limeganda kidogo, na chini kuna maji ya kijivu anayoyamwaga kwenye mchicha.

Lile zito ndilo linaloingia jikoni. Moto mdogo, wa vifuu. Hapo Mama Mafuta hamwachii mtu mwiko. Kwanza linachemka kama uji, kisha linaanza kujitenga, mafuta yanatokeza pembeni, mashapo yanageuka rangi ya maziwa, baadaye ya biskuti. Anachota tone kwenye ncha ya mwiko, analitupia kwenye makaa: likitatarika bado lina maji, likiwaka kimya limeiva. Ukichelewa dakika chache tu yanakuwa ya kahawia na yananukia kama karanga zilizoungua. Ukiwahi kuepua, maji yanabaki ndani na baada ya wiki mbili yanachacha. Nazi kumi na mbili mpaka kumi na tano ndizo zinazotoa lita moja, inategemea ukubwa na msimu. Fanyeni hesabu wenyewe na bei ya nazi ya leo, mtaona kwamba hiyo elfu kumi haijapandishwa.

Jioni ile niliyolala, kabla jua halijazama, aliwaita wale kina mama watatu mmoja mmoja akawalipa. Mmoja alisema, "Mama, ya kwangu iweke mpaka Jumamosi." Akakataa, akamwambia aichukue, akitaka kuiweka aiweke kwake. Baadaye aliniambia Kumbukumbu la Torati imekataza jua lisichwe juu ya ujira wa mtu, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya mlokole aliyemlipa kwa ahadi na kwa maombi miezi minne.

Nazi anazichukua kwa mzee mmoja mwenye minazi upande wa Mbegani, Mwislamu. Mzee huyu akihesabu nazi mia anaweka tano juu, za kufidia zitakazokutwa zimeoza. Siku moja Mama Mafuta akavunja mia nzima asikute hata moja mbovu, akazirudisha zile tano. Mzee akazikataa, akamrudishia kwa kijana wa mkokoteni. Mama akazirudisha tena. Mwisho zikapikiwa wali wa watoto wa madrasa. Nilikutana na mzee pale uani, nikamuuliza kwa nini aliona taabu ya nazi tano. Akaniambia katika Qurani ipo sura nzima imeitwa kwa jina la wapunjaji, ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa ole. "Binti yangu," akasema, "sura nzima. Sasa mimi nitacheza na nazi tano?"

Sasa kile kisa cha kipimo. Mwaka juzi alinunua chupa mpya kutoka Kariakoo, nzuri, zenye shingo nyembamba, muuzaji akamhakikishia ni za nusu lita. Akajaza, akauza. Wiki ya tatu binti yake akaja na jagi lenye mistari, wakamimina kwa mchezo tu, yakaishia mililita 470. Wakamimina nyingine. 470. Alikuwa ameuza chupa sitini.

Nakumbuka simu yake, nilikuwa namsuka mteja twende kilioni, simu iko begani. "Mwanangu, nina deni lako. Nimekuuzia chupa nane, kila moja imepungua vijiko viwili. Nina robo lita yako hapa, pita uichukue." Sikuelewa. Ilibidi arudie. Aliwapigia wote, kwa sababu ana daftari la kuandika kila aliyechukua. Jumla ilikuwa karibu lita mbili, mafuta ya elfu thelathini na sita, na wengine walimwambia ayaache tu, hawana haja. Hao aliwapelekea kwa bodaboda. Zile chupa sasa anazijaza mpaka mdomoni na kuongezea juu katika kichupa kidogo, ukinunua unapewa viwili vikiwa vimefungwa pamoja.

Mnajua hali ya vipimo mitaani. Kopo limebonyezwa kitako, sado ina tumbo kwa ndani, gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, linamwumiza mkulima. Stika ya Wakala wa Vipimo iko kwenye mizani lakini kidole cha muuzaji nacho kiko kwenye mizani. Na mara nyingi juu ya mizani hiyo hiyo pana mstari wa Biblia, umeandikwa kwa rangi nzuri, unamtazama mteja. Kwa Mama Mafuta sikuwahi kuona mstari wowote, mpaka siku niliyozunguka nyuma ya meza kumsaidia kujaza. Juu ya mlango wa jikoni, kwa mkaa, mahali ambapo mteja hawezi kupaona, pameandikwa "Mithali 11:1". Ni ule unaosema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Ameuandika umtazame yeye.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike leo. Mwaka jana, mwezi wa tano, nilikuwa pale nasubiri mafuta yapoe. Likaja gari kutoka Dar es Salaam, akashuka kaka mmoja mpole, mwenye heshima zake, akaamkia, akakaa kwenye kigoda bila kujali suruali. Alitaka chupa mia tatu kila mwezi, za mililita 50. Lebo atakuja nazo mwenyewe. Kila chupa atalipa sh 4,000. Mafuta ya kiasi hicho kwa bei ya mama ni sh 1,000. Nilipiga hesabu kimoyomoyo, nikapata milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na nilijua binti wa mama amepata chuo na ada haijatimia.

Mama akauliza lebo zimeandikwa nini. Kaka akatoa moja kwenye bahasha. Mafuta ya Upako, kwa herufi za dhahabu, na njiwa. Mama akamuuliza yeye atauza kila moja shilingi ngapi. Kaka akasema, "Hilo mama ni la imani ya mtu."

Mama akakaa kimya, akafunika sufuria, akasema hawezi. Kaka akapandisha. Akasema hawezi. Kaka, bila hasira, akamwomba basi amuuzie lita kumi na tano hivi hivi, bila chupa, kama mteja yeyote. Akamwambia, "Mwanangu, kama hujanionyesha hiyo bahasha ningekuuzia." Yule kaka akaaga vizuri, akaondoka.

Nilimkasirikia. Nilimwambia wazi wazi: Mama, wewe kazi yako mafuta, dhambi ya lebo ni ya mwenye lebo, na mtoto anataka ada. Mimi niliyechomewa mwanangu kwa chupa ya namna ile ndiye niliyesema hivyo, ndivyo milioni moja inavyosikika ikitajwa mbele yako. Akaniuliza kama namkumbuka yule mjane wa Elisha, 2 Wafalme sura ya 4. Mumewe amekufa, mdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, nyumbani ana chupa moja ya mafuta. Anaambiwa aazime vyombo kwa majirani, amimine, na mafuta yanakoma vyombo vinapoisha.

"Yale yalikuwa mafuta ya muujiza au siyo?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na Elisha akamwambia ayafanyie nini?"

"Ayauze, alipe deni."

"Ayauze. Hakumwambia agawe bure, biashara siyo dhambi. Lakini hebu nionyeshe palipoandikwa kwamba alisimama sokoni akasema haya ni ya Elisha. Aliuza mafuta, mwanangu. Aliyenunua alikwenda kupikia na kuwashia taa. Muujiza ulibaki nyumbani kwake na wanawe, ulikuwa wa deni lake. Na nabii hakuchukua fungu."

Nimekwenda kanisani tangu nabatizwa na sijawahi kumsikia mtu akiisoma habari ile hivyo. Usiku nikafungua Biblia niithibitishe, na kwa kuwa sikuwa na usingizi nikaendelea na sura ya 5. Naamani anaponywa ukoma, anataka kulipa, Elisha anakataa kabisa. Gehazi mtumishi wake anaona hasara, anamkimbilia Naamani njiani, anachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na anaporudi ule ukoma wa Naamani unamshika yeye. Ugonjwa wa ngozi. Nilikaa na kitabu mapajani, mtoto amelala pembeni yangu, shuka jeupe halina doa, nikalia.

Sitaki nieleweke vibaya, kwamba nasema mtu wa Mungu asiguse pesa. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Lidia wa Thiatira, aliyemkaribisha nyumbani kwake, alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, na hakuna anayesema aliacha kuuza alipobatizwa. Yesu mwenyewe alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Parokia inalipa umeme, kwaya yetu inauza chakula ili ishone sare, mimi natoa zaka na sijutii. Lakini mafuta matakatifu kwetu yanabarikiwa na askofu mara moja kwa mwaka, Juma Kuu, ya wagonjwa, ya wakatekumeni yaani wanaojiandaa kubatizwa, na krisma, na hakuna anayeyanunua. Mama yangu alipokuwa anakata roho padre alikuja usiku kwa pikipiki, akampaka, akakaa nasi mpaka alfajiri, na hakutuomba hata hela ya petroli. Na yule Simoni wa Matendo sura ya 8, alipoweka fedha mbele ya mitume apate uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimwambia fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye. Maneno makali kuliko hayo sijui kama Petro aliwahi kumwambia mtu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nchi hii imekwisha kuzika watu. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja mmoja Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Sijui mmoja wao kwa jina, lakini najua walichokuwa wanakitafuta, maana nami nilikipangia foleni nikiwa na mtoto mgongoni. Mgonjwa hachagui bei. Unaweza kumwambia mama wa mtoto mgonjwa kitu chochote kinagharimu kiasi chochote, atakwenda kukopa.

Na kuna jambo la kwetu hapa. Upande wa mama yangu sisi ni watu wa misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo 1868 wakitokea Unguja, na sehemu ya fedha yao iliwanunua watu: walilipa kwenye soko la watumwa, wakawaleta hapa, wakawapa pa kuishi kama watu huru. Soko lile la Unguja lilifungwa 1873. Nyumbani inasimuliwa kwamba bibi mzaa bibi wa mama yangu alinunuliwa hivyo akiwa mtoto, na kwamba mpaka uzeeni aliijua bei yake. Bei yenyewe imepotea njiani, haikutufikia. Kilichotufikia ni kwamba aliijua. Nimesikia watu wakibishana kama kulipa kule kulikuwa kuokoa au kulilisha soko, na siwezi kuingia kwenye ubishi huo, mimi nipo kwa sababu mtu alilipa. Ila neno bei likisogezwa karibu na jina la Mungu, masikio yangu yanasimama, na nataka kujua kinachouzwa ni nini hasa, na ni nani anayeuzwa.

Ada ya binti, kama mnataka kujua: mama aliuza mbuzi wawili na kukopa kwenye kikoba. Amekwisha kulipa.

Sasa kasoro. Vifuniko vinavuja. Ukibeba chupa kwa bajaji, ukiilaza tu umeharibu mkoba, mimi nafunga shingo kwa kipande cha kanga kwanza. Masika iliyopita pishi moja lilitoka na harufu ya moshi kwa sababu vifuu vililowa, akatumia kuni mbichi. Aliliuza kwa sh 7,000 na kumwambia kila mtu kabla hajafungua pochi, lakini kwa saluni harufu ile haikunifaa. Jumapili hauzi, hata ukilia. Simu hapokei akiwa anapika. Na kubwa kuliko yote, hana lebo kabisa. Huwezi kujua yamepikwa lini, mimi huandika tarehe kwa kalamu ya wino chini ya chupa. Nimemsukuma aende SIDO, shirika la viwanda vidogo, apate utambulisho wa kufuatilia alama ya ubora ya TBS, ameanza. Lebo ninayoitaka mimi iseme: mafuta ya nazi, mililita 500, yamepikwa tarehe fulani, Bagamoyo. Inatosha.

Kwa wageni wa mafuta haya: mwezi wa sita mpaka wa nane, usiku ukiwa wa baridi, yataganda na kuwa meupe kama samli. Hayajaharibika wala hayakutiwa kitu. Yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yaweke juani kidogo, au mfukoni, yatayeyuka. Nenda Jumamosi jioni, ndipo anapojaza chupa, utayapata yangali na uvuguvugu.

Jumamosi iliyopita nilikuwepo. Alikuja dada mmoja kijana, mtoto mchanga kwenye kitenge, akauliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo penye mafuta yaliyoombewa. Alikuwa na noti ya elfu kumi, ameikunja mara nyingi mpaka imekuwa kama kidonge. Mama Mafuta akamwambia aketi. Akamuuliza mtoto ana nini, akauliza kama wamekwenda kliniki, akaambiwa watakwenda Jumatatu, akasema vizuri, msiache. Kisha akamwekea mtoto mkono, akaomba, na mtoto muda wote anaukodolea macho mwiko. Walipomaliza dada akamnyooshea ile noti.

"Hujanunua kitu," Mama Mafuta akamwambia.

Dada akabaki ameinyoosha. Akaitazama meza, akatazama chupa, akasema basi apewe robo lita. Mama akaifuta chupa kwa khanga, akaifunga kifuniko, akamhesabia chenji yake mkononi, elfu nne na mia tano.